Lori la mtoto wa kaka: shajara ya kutafuta betri ya lipo

Jumamosi, 7 Juni

Kaka yangu amekuja na lori la rimoti, la kipimo cha moja kwa kumi, umbo la pikapu za mashindano ya vumbi. Jirani yao aliyehama ndiye aliyewaachia. Mtoto wa kaka, wa miaka kumi na minne, alilipakata kwenye matatu kutoka Kayole hadi kwangu Umoja, hapa Nairobi. Kijana huyu amerithi jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo mimi humwita Baba, naye huniita Shangazi.

Kazi yangu ni kutengeneza redio na vikuza sauti vya matatu. Gari la rimoti sijawahi kulifungua, ila umeme ni ule ule.

Betri iliyokuja nalo ni ya nikeli, seli saba, volti 8.4 kwa maandishi. Waliichaji usiku kucha. Tulienda nalo uwanjani, likakimbia dakika sita, kisha likaanza kutambaa. Niliunga mita kwenye plagi: likiwa limesimama volti 9.2, Baba akikanyaga mafuta inaporomoka hadi 5.7. Hiyo betri imekwisha, hakuna dawa yake.

"Shangazi, tununue lipo. Wote wanatumia lipo."

Sawa, lipo ni betri ya lithiamu-polima. Lakini ipi? Naanza shajara hii ili tusinunue kwa kusikia tu.

Jumapili, 8 Juni

Kabla ya kuuliza betri gani ni nzuri, nimetaka kujua lori lenyewe linakubali nini. Tumelifungua mezani.

Kidhibiti mwendo, ambacho watu wa mchezo huu hukiita ESC, kina kibandiko kilichochakaa. Nimekipangusa kwa spiriti na kukisoma kwa tochi ya simu: nikeli seli tano hadi saba, lipo 2S, yaani seli mbili. Basi. Mota ni ya brashi, lile kopo la saizi ya 540.

Kisanduku cha betri nimekipima kwa rula ya chuma: urefu milimita 158, upana 48, kina 27 mkanda ukiwa umefungwa. Hili limenifurahisha, kwa sababu ROAR, chama kinachosimamia mbio za magari ya rimoti Marekani, kimeweka kikomo kwa betri ya seli mbili yenye kasha gumu: 139 kwa 47 kwa 25.1. Watengenezaji wengi hukata makasha yao kufuata kipimo hicho. Kwa hiyo ya kawaida itaingia, na itabaki nafasi ya kuweka sponji isicheze.

Plagi ya lori ni ile nyeupe ya zamani yenye pini mbili. Upande mmoja plastiki imeyeyuka kidogo. Itatoka.

Jumanne, 10 Juni

Jioni Baba alikuja na daftari, tukazigawanya namba zilizoandikwa kwenye betri za lipo.

S ni idadi ya seli zilizofuatana. Seli moja ya lipo huhesabiwa volti 3.7, ikijaa kabisa ni 4.2, na haifai kushuka chini ya 3.0 hata mara moja. Mimi nitasimamia 3.4. Kwa hiyo 2S ni volti 7.4, ikijaa 8.4. 3S ni 11.1, ikijaa 12.6.

Baba anataka 3S. Amesikia kwa wenzake kwamba ndiyo inayofanya lori linyanyue magurudumu ya mbele. Nimemwonyesha kibandiko tena. Kifaa kilichotengenezewa seli mbili ukikipa volti 12.6, kitafanya kazi kwa muda, na mota ya brashi itakula brashi zake upesi, halafu siku moja moshi. Hata chaja yangu imekataa: ni ya wati 50, na volti 12.6 mara ampea 5 ni wati 63, kwa hiyo ingelazimika kuchaji taratibu. Kwa 2S ni wati 42, ndani ya uwezo wake. Alinyamaza akaandika. Sikupenda kumvunja moyo, ila kifaa kikiungua sisi ndio tutakaokilipia.

Miliampea-saa ni ukubwa wa tangi. 5000 maana yake unaweza kuvuta ampea 5 kwa saa moja. Kama lori litakimbia dakika 20 kwa tangi hilo, limevuta kwa wastani ampea 15. Hesabu hiyo rahisi inatosha kujua kama kitu kina akili.

C ndiyo namba yenye kelele, ya umeme ambao betri inaweza kutoa kwa mkupuo. Unaizidisha kwa ukubwa wa tangi: 50C kwa 5000 ni ampea 250. Sasa angalia plagi ya XT60 ambayo betri nyingi huja nayo. Hiyo 60 ni ampea ambazo imeundiwa kubeba. Betri iliyoandikwa 100C ingedai ampea 500 kupitia plagi hiyo na waya ule ule mnene kama penseli. Mimi huunga vikuza sauti vya matatu, na najua waya wa ampea 100 ukoje mkononi. Namba ya C naichukua kama ahadi ya muuzaji, na ahadi nitaipima.

Jumamosi, 14 Juni

Tulienda mjini. Maduka mengi ya barabara ya Luthuli hayana betri za magari haya, yana za simu na za spika. Tuliipata moja mahali pengine katikati ya mji: 2S, mfuko laini, imeandikwa 6200 na 80C, na bei yake nzuri mno. Bei hiyo ilipaswa kunishtua. Kijana wa dukani alikuwa na haraka, Baba alikuwa na hamu, nikalipa.

Tukirudi tulipita kwa muuza nyama wetu, nikamwomba mizani yake ya dijitali. Aliitandikia karatasi kwanza, akaiweka: gramu 171.

"Mama, hii ni betri ya nini? Nyepesi kama maini ya kuku."

Nilijua hapo hapo. Volti 7.4 mara ampea-saa 6.2 ni karibu wati-saa 46. Betri za aina hii hubeba takriban wati-saa 140 au 150 kwa kila kilo. Kwa hiyo hiyo 6200, kama ni kweli, ingekaribia gramu 310. Haiwezekani umeme wote huo ukae ndani ya gramu 171.

Jumapili, 15 Juni

Nimeipima ipasavyo. Ilikuja plagi yake ikilingana na ya lori, tukaikimbiza hadi ikafika volti 6.5. Dakika 11. Kisha chaja: imeingiza miliampea-saa 2,870 ikajaa. Hata nusu ya maandishi haikufika.

Ukinzani wa ndani, seli ya kwanza miliomu 19, ya pili 34. Haya si maneno ya kitabuni. Ampea 40 zikipita kwenye miliomu 34, volti 1.36 zinapotea ndani ya seli hiyo moja, na zinageuka joto la wati 54. Pasi yangu ya kulehemia ni ya wati 60. Yaani ndani ya betri kuna kitu kinachokaribia pasi ya kulehemia kila Baba anapokanyaga mafuta.

Na seli mbili hazilingani. Mwisho wa mbio moja ilikuwa 3.41, nyingine 3.09. Kidhibiti mwendo huangalia jumla ya volti tu. Hakioni kwamba moja inazama.

Jumatano, 18 Juni

Imevimba. Mbio tatu tu.

Lipo haina chuma cha kuizunguka kama betri za tochi. Kemia yake ni ya jamii moja na lithiamu-ioni ambayo Sony walianza kuiuza mwaka 1991, ila tabaka zake zimefungwa kwenye mfuko wa foili. Zikiteswa zinatoa gesi, na gesi haina pa kwenda. Nilipoibonyeza kwa kidole gumba ilirudi kama mto wa hewa. Nikaitoa nje mara moja, nikaiweka juu ya matofali mbali na ukuta.

Nilirudi dukani. Niliambiwa namba zile ni za kampuni, wao wanauza tu. Inaniuma, kwa sababu mtoto mwingine ataenda pale na pesa alizojiwekea mwaka mzima, na hatakuwa na mtu wa kumpimia.

Jumamosi, 21 Juni

Kuiua betri iliyovimba. Nimechukua taa ya breki ya matatu, ya volti 12, wati 21, nikaichomelea nyaya mbili na kuiunga na betri, yote ikiwa kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga, uani. Kwa volti 7.4 taa haiwaki nyeupe, inawaka rangi ya chungwa. Tulikaa mbali kidogo na ndoo tukichambua mchele. Saa ya kwanza hakuna mabadiliko. Kisha rangi ikaanza kuwa nyekundu, uzi ndani ya kioo ukaonekana kama mnyoo mwembamba wa moto, halafu ukafifia hadi ukawa hauonekani ila ukikinga mkono. Saa mbili na robo. Nimeiacha ikiwa imeungwa hadi kesho ifike sifuri, kisha nitaipeleka WEEE Centre, wanaopokea taka za umeme, pamoja na mabodi mabovu ya kazini. Kwenye pipa la taka la mtaa haiendi: lori la taka huikandamiza, na kule dampo kuna watu wanaokota kwa mikono.

Kuagiza: nimeongea na wakala wa mizigo anayeniletea vipuri. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna betri. Za lithiamu zikisafiri peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu 2016, na kwenye ndege za mizigo ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Yeye hazichukui kabisa.

Njia nyingine ni binamu yetu anayefanya kazi Dubai, anarudi likizo mwisho wa mwezi. Abiria anaruhusiwa betri za akiba kwenye mzigo wa mkononi zikiwa chini ya wati-saa 100 kila moja. Ya kwetu ni 7.4 mara 5, wati-saa 37. Nimemwandikia: 2S, kasha gumu, 5000, 50C inatosha, plagi ya XT60, urefu usizidi milimita 140, na aiombe duka waipime uzito, ikiwa chini ya gramu 230 aiache. Afunike ncha kwa tepu, na asiiweke kwenye sanduku la chini hata akiambiwa nini.

Kwa nini 5000 na si 7000? Kisanduku kina kina cha milimita 27. Zile kubwa ni nene au ni nzito, na lori hili lina springi laini. Gramu mia za ziada zikikaa upande mmoja linaanza kuegemea kwenye kona. Kwa nini kasha gumu? Kwa sababu lori linapinduka, na mawe ya uwanja wetu ni makali. Mfuko laini unafaa magari yanayopanda mawe polepole, ambako kila gramu huhesabiwa.

Jumamosi, 28 Juni

Zimefika mbili. Muuza nyama: gramu 263 na gramu 261. Hata yeye alifurahi.

Ukinzani: 3.2 na 3.3 kwa ya kwanza, 3.1 na 3.4 kwa ya pili. Nimebandika lebo A na B, na tarehe.

Leo kazi ilikuwa plagi ya upande wa lori. Nimeileta XT60 ya kiume huku, kwa sababu ile ya betri lazima iwe ya kike, shaba zake zimejificha ndani, usije ukaziunganisha kwa funguo mfukoni. Nailoni yake hulainika ikipata joto na pini hupinda, basi nimeichomeka kwanza kwenye mwenzake mtupu, ule usio na betri, ili uzishikilie pini. Nikapaka rosini, nikajaza risasi ya kulehemia kwenye kikombe cha pini hadi ikang'aa, nikaupaka waya nao risasi yake, kisha nikaviunganisha: waya ukizama polepole kwenye ile risasi iliyoyeyuka, nikahesabu hadi tano bila kutikisa mkono. Baba alikuwa ameshika waya kwa koleo. Alitaka kupuliza. Nilimkataza, ikipulizwa inapoa na madoa na kuungana kwake hakuna nguvu.

Nimemwonyesha pia jambo moja ambalo lazima alijue kabla hajashika mkasi siku yoyote: kama ni plagi ya betri unayobadilisha, kata waya mmoja, umalize kuuchomelea na kuufunika, ndipo ukate wa pili. Mkasi ukikata zote mbili pamoja, chuma chake ndicho kitakachokamilisha mzunguko. Niliwahi kuona spana ikiyeyuka ncha kwenye betri ya matatu, na hizi zina hasira zaidi.

Jumapili, 29 Juni

Kinga ya volti ya chini. Kidhibiti hiki kina taa: nyekundu ni hali ya nikeli, kijani ni ya lipo. Kilikuwa nyekundu tangu mwanzo, na ndiyo sababu nyingine ile lipo ya kwanza ilizama hadi 3.09. Kosa hilo ni langu, sikusoma. Nimeshikilia kitufe hadi ikawa kijani.

Juu ya hapo nimeweka king'ora kidogo kwenye waya za kusawazisha, zile nyembamba tatu. Chenyewe huangalia kila seli peke yake. Nimekipanga kilie kwenye 3.5.

Jumamosi, 5 Julai

Betri A. Dakika 23 hadi king'ora kilipolia. Seli 3.58 na 3.57 baada ya kupumzika. Chaja imerudisha miliampea-saa 4,020. Kwa hiyo wastani ni kama ampea 10 na nusu. Betri ilikuwa vuguvugu tu, ningeweza kuiweka shavuni. Mota ndiyo ilikuwa moto, haishikiki zaidi ya sekunde mbili. Tumeweka gia ndogo ya meno 18 badala ya 20. Kasi imepungua kidogo, joto limepungua sana.

Baba hakutaja 3S hata mara moja.

Alhamisi, 10 Julai

Baridi ya Julai. Asubuhi mawingu yamelala juu ya paa na betri B ilikuwa imelala kwenye sakafu ya saruji. Lori lilikuwa zito kuondoka, king'ora kikalia ndani ya dakika nne kila Baba alipokanyaga mafuta, na akiachilia kinanyamaza. Baridi huongeza ukinzani wa ndani. Aliiweka ndani ya sweta lake, chini ya kwapa, robo saa tukinywa chai. Ilipotoka ikakimbia kawaida.

Jumamosi, 12 Julai

Mahali pa kuchajia. Nilikwenda Kamukunji nikanunua sanduku la bati, lile la watoto wanaokwenda shule za bweni, saizi ndogo kabisa. Fundi alinitobolea matundu sita upande wa nyuma. Alishangaa, mtoto gani anataka sanduku lenye matundu? Sanduku likifungwa bila pa kutokea hewa linageuka bomu. Ni lazima gesi ipate njia. Ndani nimelitandika vigae vilivyobaki tulipotengeneza bafu, chini na pembeni, bati lisiguse plagi. Linakaa kwenye kibaraza cha saruji, ndoo ya mchanga kando.

Sheria yetu: ampea 5, hali ya kusawazisha, na mtu awe macho. Saa mbili usiku stima ikapotea betri ikiwa imefika nusu. Chaja hii inakubali pia volti 12, nikaiunga na betri ya gari niliyonayo kazini, ikaendelea. Ila chaja inaporudi kuwaka husahau ilipokuwa, inabidi uchague upya aina ya betri na idadi ya seli. Baba alisoma kioo kwa sauti, mimi nikasoma lebo, ndipo akabonyeza.

Jumapili, 20 Julai

Shule inamweka hadi mwisho wa mwezi, lori litapumzika. Lipo haihifadhiwi ikiwa imejaa wala tupu. Tunaiacha karibu na 3.8 kwa seli. A ilikuwa imejaa. Chaja inaweza kuishusha, lakini kwa wati 5 tu, ingechukua hadi usiku wa manane, basi tumerudia ile taa ya breki, tukiangalia mita kila baada ya dakika kumi.

Baba ana mradi wake sasa: matatu ya mbao na bati, yenye taa na spika, juu ya chesi ya zamani ya rafiki yake. Leo kaja na karatasi. Ameandika urefu wa kisanduku, upana, kina, maneno yote ya kibandiko cha kidhibiti, na uzito wa bodi alioupima kwa muuza nyama. Hapo chini ameandika swali: spika na taa zivute kwenye betri ile ile, au ziwe na yake? Nimemwambia ziwe na yake, ndogo, ili mlio wa mota usiingie kwenye muziki.

A: 3.82, 3.82. B: 3.81, 3.82. Zimeingia sandukuni.